Kanga za Bibi Yako

Mwanangu, bibi yako hakuwahi kugombana na jirani. Kule Mombasa, akikerwa, alichagua kanga. Alijifunga, akapita taratibu mlangoni pa mwenzake. Jina la kanga likasema yote. Na jirani alielewa, kwa sababu mtaa mzima ulilelewa ukisoma kanga.

Nami nilikuja London na ulimi huo huo. Nikapata kazi ya uuguzi katika hospitali moja mashariki mwa jiji. Nilipopewa kusimamia zamu, nilikuwa na muuguzi kijana kutoka Poland. Mchapakazi, ila alisahau kutia saini karatasi za dawa. Sikutaka kumvunjia heshima. Nikamwambia, "Siku hizi karatasi za dawa zina nafasi nyingi tupu." Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Kesho yake ikawa vile vile. Nikanuna. Nikamwona ana kiburi.

Wiki ya pili, mgonjwa mmoja alikaribia kupewa dawa mara mbili, maana saini ya kwanza haikuwepo. Yule binti alilia. "Mbona hukuniambia?" Nilidhani nimemwambia. Miaka imepita, na swali lile bado linanichoma.

Basi nikageuka. Nikawa nasema wazi, palepale. Nikamkosoa msaidizi mmoja Mwingereza, mama mtu mzima, wagonjwa wakisikia. Siku tatu hakunisemesha. Kosa hili lilikuwa kubwa zaidi: la kwanza nilikosea kwa huruma, hili kwa hasira.

Wala usidhani Waingereza ni watu wa kusema wazi. Nao wana kanga zao. Msimamizi wangu aliwahi kuniambia, "Labda ungependa kuzipitia tena ripoti zako, ukipata nafasi." Nikangoja nafasi. Kumbe ilikuwa amri, tena ya siku ile ile. Na wakikuambia kazi yako ni nzuri kiasi, usifurahi haraka. Uliza kilichopungua.

Nawe, muuguzi kama mimi, unajua kuwa tangu Aprili 2016 wauguzi wa Uingereza, kila baada ya miaka 3, hutakiwa kuonyesha maoni 5 kuhusu utendaji wao ndipo usajili uendelee. Vijana wengi huyakusanya mbiombio, kwa marafiki. Usifanye hivyo, nakuomba. Mfuate anayekuona saa kumi alfajiri, umechoka.

Siku hizi mimi humvuta mtu pembeni. Naanza kwa upole wa kwetu: namjulia hali, nasikiliza jibu. Kisha nataja jambo lenyewe. Siku gani, saa ngapi, karatasi ipi, na lipi lingemfika mgonjwa. Hapo sifumbi neno. Halafu namwomba anieleze alichosikia. Hilo la mwisho lilinichukua miaka mingi, maana linataka unyamaze na kungoja, na wodini kila mtu ana haraka. Lakini hapo ndipo nimegundua mara ngapi nilichosema na alichosikia mwenzangu ni vitu viwili.

Jana ulirudi umefura. Ulisema mwenzako wa zamu hasikii, umemwambia mara tatu. Weka simu chini, mwanangu, sogeza kiti. Niambie ulimwambiaje. Neno kwa neno, kama ulivyolisema.