Mpole wa Kuzaliwa na Mwenye Kupigana na Nafsi

Ujumbe wa kabila la Abdul Qays ulipofika Madina, wajumbe waliwahi kushuka kwenye vipando vyao wakakimbilia kumsalimia Mtume (s.a.w.). Mmoja wao, aliyejulikana kwa lakabu ya Ashajj, hakukimbia. Alivaa kwanza nguo zake mbili, ndipo akaenda. Mtume akamwambia kuwa anazo sifa mbili anazozipenda Mwenyezi Mungu: upole na kutokuwa na pupa. Katika masimulizi ya Abu Dawud, Ashajj aliuliza kama sifa hizo amejitengenezea mwenyewe au ameumbwa nazo. Akajibiwa kuwa ameumbwa nazo.

Akamshukuru Mola wake. Hakutafuta sifa hata chembe kwa jambo ambalo hakulitolea jasho.

Umar bin Khattab (r.a.) hakuwa na hulka hiyo. Ukali wake ulijulikana tangu kabla hajasilimu, na ukhalifa haukuuondoa. Bukhari amepokea kisa cha Uyayna bin Hisn, aliyeingia kwa Umar akamtuhumu usoni kwamba hawapi watu cha kutosha wala hahukumu kwa uadilifu. Umar alighadhibika hadi akakaribia kumwadhibu. Hapo Hurr bin Qays, mtoto wa kaka yake Uyayna, akamsomea aya ya 199 ya Suratul A'raf, inayoamrisha kusamehe na kuwapuuza majahili. Umar hakuivuka aya ile. Mtawala mwenye jeshi na mamlaka, damu imeshamchemka, alisimama papo hapo.

Nani bora kati ya wawili hawa wa hulka mbili? Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilishika swali la namna hiyo katika kitabu chake Ihya, kwenye mlango wa toba. Watu wawili wametubia dhambi moja. Mmoja haitamani tena, mwingine bado inamvuta naye anapambana nayo. Wafuasi wa Abu Sulayman al-Darani wa Sham walimtanguliza mpambanaji, kwa kuwa ameongeza jihadi juu ya toba. Wanazuoni wa Basra walimtanguliza aliyetulia, kwa kuwa hata akilegea yuko karibu zaidi na usalama.

Ghazali aliuliza utulivu huo umetoka wapi. Kama umetokana na matamanio dhaifu tu, mpambanaji yu juu yake, kwani mwindaji asiye na farasi wala mbwa hawezi kujigamba kuwa hajawahi kuangushwa wala kung'atwa. Lakini kama utulivu umetokana na yakini, baada ya vita kupiganwa na kushindwa adui, huyo ameshafika pale mwenzake anapopapigania.

Jawabu hili linawagusa wengi majumbani. Mara ngapi kijana anayejaribu kuacha mirungi au pombe huambiwa na ndugu zake kuwa tabia ni ngozi, haibanduki? Suratush Shams inaapa kwa nafsi iliyofahamishwa uovu wake na ucha Mungu wake, kisha inampa kufaulu yule anayeitakasa. Kuitakasa ni kazi, na kazi haihitajiki pale ambapo hakuna cha kusafishwa. Ambaye kilevi hakijawahi kumvuta hana haki ya kumkunjia uso kijana huyo akimwona safu ya nyuma alfajiri. Yeye ana deni la shukrani, kama Ashajj.

Mtume amesema kuhusu wasomaji wa Qur'ani kuwa aliye hodari yuko pamoja na malaika watukufu, na anayesoma kwa kukwama, ikimtaabisha, ana malipo mawili. Hodari hakushushwa daraja yake. Lakini taabu ya anayekwama imehesabiwa peke yake, na mzee anayeanza juzuu ya Amma ukubwani, ulimi mzito, watoto wa chuoni wakimcheka, anaandikiwa malipo kwa kila herufi inayomtoa jasho.