Risasi Inayobaki Mtutuni

Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni madini laini, mazito, ya rangi ya kijivu. Na risasi ni kile kitokacho katika bunduki. Neno lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu, na huko nako hutaja madini hayo. Wala si ajabu, kwani tangu zamani cha pili kilitengenezwa kwa cha kwanza. Lakini liko jambo ambalo neno hilo halituambii, nalo ni kwamba risasi iliyopigwa haiondoki yote.

Chukua bastola ndogo ya kulengea shabaha, ile ya kaliba .22, yenye mtutu wa upana wa milimita 5.6 hivi. Risasi yake ina uzito wa gramu 2.6 au karibu na hapo, na mara nyingi ni madini matupu yaliyopakwa nta. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, ili risasi iruke ikizunguka kama pia, isiyumbe. Madini haya ni laini hata ukucha huyakwaruza, na huyeyuka kwa nyuzi 327 tu za Sentigredi. Yanaposukumwa na moto kupita humo, hasa mtutu ukiwa na mikwaruzo, huacha chembe kutani. Haba na haba hujaza kibaba. Methali tunayowafundishia watoto kuweka akiba inafaa hata kwa uchafu. Mwishowe mifereji huziba, na bastola iliyokuwa ikilenga sawasawa huanza kutawanya risasi. Mwenyewe hulaumu upepo, hulaumu macho yake, kumbe tatizo analo mkononi.

Sasa najiuliza: je, tendo la halali nalo humwachia mtendaji masazo? Kila risasi katika mfano wetu ilipigwa kwenye ubao wa shabaha, kwa kibali, bila kumdhuru mtu. Hata hivyo mtutu umechafuka. Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba tabia hujengwa na matendo yanayorudiwa: kwa kutenda haki mtu huwa mwenye haki. Nakubali. Lakini naona pia kwamba yapo matendo yanayoruhusiwa, hata yanayolazimu, ambayo yakirudiwa humfanya mtendaji kuwa mgumu.

Katika chuo cha ualimu, swali hili lilikuja kwa sura ya kiboko. Kanuni zilizotolewa Tanzania mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne, na kutaka adhabu iandikwe katika daftari. Daftari hilo huonyesha alichopata mtoto. Halina safu ya kuandika kilichobaki ndani ya mwalimu. Ndivyo ilivyo kwa hakimu anayefunga watu kila juma, na kwa askari wa zamu ya usiku. Tukiwauliza tu kama walifuata sheria, tumekagua ubao wa shabaha na kuusahau mtutu.

Msomaji atasema: basi tusitende? Hapana. Bastola haitupwi kwa sababu imechafuka, husafishwa. Kwanza hutolewa magazini, na chemba hutazamwa kwa jicho kuhakikisha ni tupu. Kisha mtutu hulowekwa dawa ya kuyeyushia uchafu, hupitishwa brashi ya shaba, na mwisho vitambaa, mpaka kitoke kitambaa cheupe. Inapowezekana husafishwa kutoka nyuma, ili ufito usiharibu mdomo wa mtutu. Ni kazi ya subira.

Ipo njia ya mkato. Wengine hupiga risasi chache zilizovikwa shaba, wakitumaini zitakwangua masazo ya zile zilizotangulia. Huweza kuyakandamiza zaidi, na mtutu uliobanwa huongeza shinikizo hatari. Namna hiyo hiyo, mtu aliyechoka kwa ukali hujaribu kujitibu kwa ukali zaidi, na kuuita nidhamu.

Liko jambo la mwisho, nalo ndilo zito. Madini ya risasi ni sumu. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa kuwa sumu hiyo hudhuru ubongo unaokua. Kwa hiyo msafishaji hali chakula wakati wa kazi, huosha mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, na vile vitambaa vyeusi havitupi uani. Wapo watu hodari wa kujisafisha: hurudi nyumbani na uchungu wa kazini, huumwaga mezani mbele ya mke na watoto, kisha hulala wepesi. Mtutu wao ni safi. Lakini tuulize walikomwaga.