Subira na Kungoja

Yako maneno mawili katika lugha yetu ambayo huvaa kanzu moja, hata watu wakadhani ni mtu mmoja. Maneno hayo ni subira na kungoja. Mzazi humwambia mtoto subiri, na maana yake ni ngoja. Karani humwambia mwenye haja subiri, na maana yake ni ngoja. Kwa mazoea hayo fadhila kubwa imechanganywa na kitendo kidogo, na watu wengi hujisifu kwa subira hali hawana ila uchovu wa kukaa. Nia ya insha hii ni kuyatenganisha maneno hayo. Shahidi nitakayemwita si mwanachuoni wala mtawa. Ni kano la kisigino cha mkimbiaji.

Kano hilo liko nyuma ya kifundo cha mguu, nalo huunga misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Ni nene na lenye nguvu kupita makano yote ya mwili. Matabibu huliita kwa jina la Achilles, shujaa wa hadithi za Wayunani, ambaye mama yake alimchovya katika mto wa kuzimu akiwa amemshika kisigino, na pale pasipopata maji ndipo palipopata mshale. Kila hatua ya mbio hulitwika kano hilo mzigo wa mara kadhaa ya uzito wa mwili mzima. Likitwikwa pasipo kipimo, huvimba, hukakamaa, na huuma katika hatua za kwanza za asubuhi. Kisha lina hila. Mkimbiaji akisha kupata joto, maumivu hupungua, naye hudhani amepona. Kesho yake alfajiri kano hudai deni lake pamoja na riba. Msuli una damu nyingi, na aghalabu hupona kwa majuma. Kano lina damu haba, na huhesabu kupona kwake kwa miezi, pengine kwa mwaka na zaidi.

Mtu aliyepatwa na maradhi haya huzungukwa na washauri wawili, na kila mmoja ana methali mkononi. Wa kwanza husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Inuka ukimbie, maumivu yatajichokea. Wa pili husema haraka haraka haina baraka. Keti mpaka maumivu yaondoke. Anayemfuata wa kwanza huongeza ugonjwa juu ya ugonjwa, na hilo halihitaji hoja. Ajabu ni kwamba anayemfuata wa pili naye hapati alichoahidiwa. Hukaa kitako majuma sita, maumivu yakalala, naye akarudi katika mbio zake za zamani kwa furaha. Siku ya tatu maumivu yakaamka. Sababu yake ni hii: kano hupata nguvu zake kwa kutwikwa, na lisilotwikwa hudhoofika. Mapumziko yaliondoa uchungu, lakini yaliondoa na nguvu pia.

Liko jambo jingine linalotia mkazo katika ushahidi huu. Mwaka 2013 wataalamu wa Denmark walitoa habari ya uchunguzi wao juu ya umri wa kano la kisigino. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1955 hadi 1963 yaliongeza hewani kaboni ya namna ya peke yake, nayo ikaingia katika chakula na katika miili ya watu. Kwa kuipima kaboni hiyo walitambua ya kwamba kiini cha kano hujengwa katika miaka 17 ya kwanza ya maisha, na baada ya hapo hakifanywi upya kwa kadiri iwezayo kuonekana. Basi mtu wa miaka arobaini na mitano hukimbia kwa kano alilolijenga utotoni na ujanani. Anayekaa akingoja kano jipya hungoja mgeni ambaye hakualikwa. Alilo nalo ndilo atakalokuwa nalo. Kazi yake ni kulifundisha lichukue mzigo tena.

Njia ya mafundisho hayo ilipata sifa huko Sweden. Håkan Alfredson, tabibu wa mifupa katika mji wa Umeå, alikuwa mwenyewe na kisigino kibovu. Husimuliwa ya kwamba alitaka apasuliwe, na mkubwa wake wa kazi akakataa kwa kuwa hakuweza kumkosa muda mrefu. Alfredson akakata shauri kulitwika kano lake mzigo mzito kila siku, ili liharibike kabisa na upasuaji usiwe na budi. Kano halikuharibika, bali lilipona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio la watu 15 waliokuwa wakikimbia kwa kujifurahisha, umri wao wa wastani miaka 44, ambao walikuwa wameumwa muda mrefu. Kila mmoja alisimama ukingoni mwa ngazi kwa nyayo za mbele, akashusha kisigino polepole chini ya ukingo, kisha akajiinua kwa mguu mzima. Alifanya hivyo mara 90 asubuhi na mara 90 jioni, kila siku, kwa majuma 12. Jumla yake ni mara 15,120. Maumivu yalipopungua aliongezewa uzito mgongoni. Wote 15 walirudi katika mbio zao. Wenzao 15 waliotibiwa kwa mapumziko, dawa na tiba nyingine za kawaida waliishia katika upasuaji. Jaribio lilikuwa dogo, na mengine yaliyofuata hayakupata ushindi kamili namna hiyo. Hata hivyo lilipindua fikira za watu wengi.

Mwaka 2007 wataalamu wa Göteborg, katika nchi ile ile, walikwenda mbele zaidi. Waliwagawa wagonjwa 38 katika makundi mawili. Wote walipewa mazoezi ya kutia nguvu, lakini kundi moja liliacha kukimbia na kuruka kwa majuma sita ya kwanza, na la pili liliruhusiwa kuendelea kwa sharti. Sharti lilikuwa maumivu yasipite 5 katika kipimo cha 10, yawe yametulia asubuhi ya pili, wala yasizidi juma kwa juma. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na walioendelea kukimbia kwa sharti hawakudhurika kuliko wenzao. Hapa maumivu yamepewa cheo chake cha haki. Si mfalme wa kutiiwa katika kila neno, wala si mwongo wa kupuuzwa. Ni mshauri: husikilizwa, hupimwa, na neno lake la mwisho hulisema asubuhi.

Sasa twaweza kusema subira ni nini. Subira ni kazi yenye kipimo. Haraka ni kazi bila ya kipimo. Kungoja ni kipimo bila ya kazi. Kwa hiyo methali zetu mbili hazipingani hata kidogo. Moja huzuia kupita kipimo, na ya pili huzuia kuacha kazi. Anayezishika zote mbili ndiye mwenye subira. Mimi nimekaa na kano kaidi kwa miezi minane, na nimeona ya kwamba lililo gumu katika kazi hiyo si uchungu wake, bali udogo wake. Mtu aliyezoea kupita vijiji kwa mbio husimama ngazini akihesabu moja, mbili, tatu, na watoto wa jirani humtazama. Haraka ina fahari. Kungoja kuna raha. Subira haina hata kimoja cha hivyo, na ndiyo sababu wachache huichagua.

Yamkini msomaji atauliza: John Stephen Akhwari atawekwa wapi? Oktoba 20, 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki huko Mexico, Mtanzania huyo alianguka, akaumia goti na bega. Hakukaa. Aliingia kiwanjani akichechemea, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, akawa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Je, huyu hakuvunja kipimo? Alikivunja kwa siku moja, kwa neno ambalo aliliona kubwa kuliko goti lake, na dunia ilimpa heshima aliyostahili. Lakini ushujaa wa siku moja si kanuni ya kila siku. Mwaka 1970 mtu yule yule alikuwa wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, na nafasi hiyo haipatikani kwa kuchechemea. Kati ya Mexico na Edinburgh zilikuwako siku nyingi ambazo hazikupigwa picha. Tunausifu uvumilivu wake wa saa moja kwa sababu tuliuona. Wa miezi mingi hatuusifu kwa sababu haukuonekana.

Liko swali zito kuliko hilo. Wagonjwa 34 kati ya wale wa Göteborg walitazamwa tena baada ya miaka mitano, na habari zao zikatolewa mwaka 2011. Watu 27 walikuwa wamepona kabisa maradhi yao ya kwanza. Watu 7 walikuwa wangali na dalili. Hao saba nao walipewa kazi kama wenzao. Tutawaambia nini? Mvumilivu hula mbivu, ndivyo tunavyosema. Walakini methali haikusema kila mti utazaa. Tukiifanya subira kuwa biashara ambayo faida yake ni hakika, basi kila asiyepona tutamhesabu kuwa hakusubiri, na tutakuwa tumeongeza lawama juu ya maumivu. Huo ni udhalimu. Kazi yenye kipimo ni wajibu wa mgonjwa. Matunda yake hayamo mikononi mwake peke yake. Hata huyo ambaye kano halikumtii ana jambo moja ambalo mwenye haraka na mwenye kungoja hawana: anajua kwa yakini kadiri ya mzigo awezao kuuchukua, wala hahitaji kuishi kwa kubahatisha.

Neno hili halikomi katika mguu. Mara nyingi wenye nguvu huwaambia wanyonge wasubiri, na walimu huwaambia wanafunzi wasubiri. Ushahidi wa kano hutupa njia ya kulipima shauri hilo. Anayesema subiri, kisha akaonyesha kazi ya leo, kadiri yake, na siku ya kuitazama tena, ametoa shauri la kweli, hata likiwa chungu. Anayesema subiri asionyeshe lolote la kufanya hakufundisha subira. Amemwahirisha mwenzake tu, na kile kinachoahirishwa bila ya kutumiwa hudhoofika.