Nengonengo na Chupa ya Makambini

Wajukuu zangu mlioko Nyarugusu, Mgusu na Kahama, nasikia mizizi inauzwa kwenye kambi za wachimbaji, ndani ya chupa za maji, na muuzaji anasema, "Hii imethibitishwa na wataalamu." Mzizi siuogopi sana. Naogopa hiyo kauli.

Chukueni mfano wa mti wa nengonengo. Ukichimba mzizi wake unanukia dawa ya kuchua misuli, na si ajabu, kwa kuwa una methili salisileti, kemikali ileile iliyomo kwenye dawa hizo. Usukumani tumeutumia tangu zamani. Lakini mzizi huohuo ni sumu, na katika nchi kadhaa za Afrika watu wameunywa ili wajiue. Waganga niliowaona utotoni hawakumfungia mgonjwa mzizi akachemshe kwake. Walimnywesha wenyewe, kidogo, kisha wakakaa naye. Muuzaji wa chupa yeye keshapanda bodaboda.

Sasa huo uthibitisho. Mtafiti husaga mzizi, akatoa kemikali zake, akaangalia kama zinaua vijidudu ndani ya kichupa cha maabara. Zikiua, redio hutangaza. Mbona hata sabuni ya kufulia inaua vijidudu? Baada ya hapo ndipo kazi inaanza: ini litasemaje, figo je, kiasi gani kinaponya na kiasi gani kinaua. Kemikali nyingi huishia njiani. Profesa Mayunga Nkunya na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichunguza mimea yetu ya jamii ya Uvaria, wakapata kemikali zinazodhoofisha vimelea vya malaria maabarani. Ni kazi ya heshima, ya zaidi ya miaka 30 iliyopita, na bado hamjauziwa kidonge chake.

Hata mti uliofaulu una masharti. Tu Youyou wa China aligundua kwamba kuchemsha pakanga kunaharibu kiini chake, akakitoa kwa etha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kiini hicho ndicho kilichozaa dawa mseto za malaria mnazopewa zahanatini. Lakini chai ya pakanga haina kipimo cha kuaminika, na Shirika la Afya Duniani haliishauri: vimelea visipokufa vyote, vinajifunza kuizoea dawa. Na msisahau kikombe cha dawa ya mti kilichogawiwa Samunge, Loliondo, mwaka 2011. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa sababu yake.

Nyie wa migodini mna jambo la ziada. Zebaki mnayoichoma inaumiza figo na mishipa ya fahamu. Vumbi la karasha linakwangua mapafu na kukaribisha kifua kikuu. Mwenye figo zilizochoka akinywa mzizi usiopimwa, anaongeza mzigo juu ya mzigo. Mwenye kifua kikuu akipata chupa ya kutuliza kikohozi, hujiona amepona, akashuka duarani kuwaambukiza wenzake. (Naye bado analipia chupa, wakati kupimwa makohozi kwenye vituo vya serikali ni bure, na dawa za kifua kikuu ni bure pia.)

Sikusema mtupe miti. Sheria ya tiba asili ipo tangu mwaka 2002, na Muhimbili wana taasisi ya kuichunguza. Ninachotaka ni hiki: ukikohoa wiki mbili, nenda kituoni, na daktari akikuuliza umekunywa nini, usione haya. Mtajie mti. Kama hujui jina lake kwa Kiswahili, litaje kwa Kisukuma.