Mita Moja, Milango Sita

Ploti yetu Ruiru ina milango sita kwa mita moja. Tokeni zikiisha, tunachanga sawa. Mimi hushinda kazini Thika, nikirudi nawasha balbu moja na kuchaji simu. Mama wa mlango wa nne ana koili, ile ya kutumbukiza kwenye ndoo. Mwezi jana nilimwomba msimamizi aipige marufuku.

Niliona hesabu iko upande wangu. Tangu Aprili 2023, mita isiyozidi uniti 30 kwa mwezi hulipishwa bei nafuu kabisa. Lakini inayohesabiwa ni mita, si watu. Kila mlango ukitumia 20 tu, mita inasoma 120, na ukivuka 100 uko kwenye daraja la juu. Yaani sisi sita tunalipa kama tajiri mmoja. Sasa nilikuwa nimemkasirikia nani?

Kubana stima ni tabia nzuri, sawa, ila mimi nilibana ya mwenzangu. Yale maji yalikuwa ya kumwogesha mtoto wa miezi mitatu. Siku hizi alfajiri nasikia jiko la makaa likipulizwa kwenye korido, halafu kikohozi. Mchango wangu umepungua shilingi 80. Hajui ni mimi niliyesema. Bado ananiita ndugu.