Mikono Inayotetemeka



Wako wenzetu walioacha kuja kwenye Meza ya Bwana. Imani yao haikupoa. Mikono yao inatetemeka, nao wanaona haya kushika kikombe mbele ya watu. Tena wako wanaonong'ona, "Amelewa," au, "Amerogwa."

Ugonjwa wenyewe huitwa Parkinson, kwa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeuandika habari zake mwaka 1817. Ndani ya ubongo, chembe zinazotengeneza dopamini, ambayo husaidia mwili kwenda kwa utaratibu, hufa kidogo kidogo. Hauambukizi, wala si pombe, wala si uchawi.

Huanza polepole. Mara nyingi mkono mmoja hutetemeka ukiwa umetulia mapajani, mwandiko huwa mdogo, kunusa hupungua. Baadaye mwili hukakamaa, hatua huwa fupi, sauti hufifia, uso haukunjuki hata moyo ukifurahi. Miaka ikizidi, mgonjwa huweza kuanguka mara kwa mara, kumeza kwa shida, kuhuzunika na kusahau. Si wote wapitao njia moja, wala si kila atetemekaye anao. Kwa hiyo tumpeleke kwa daktari. Dawa ya levodopa haiuondoi ugonjwa, lakini huurahisisha mwendo, na yapasa inywewe kwa saa zake.

Tukumbuke habari za Musa katika kitabu cha Kutoka, sura ya 17. Mikono yake ilipolemewa kule kilimani, Haruni na Huri hawakumwambia ashuke akapumzike nyumbani. Walimpatia jiwe la kukalia, wakaitegemeza mikono yake mpaka jioni. Israeli walishinda siku ile kwa mikono iliyoshikwa na wenzake.

Basi, nasi tufanye vivyo hivyo. Tumngojee mgonjwa amalize neno lake. Tusimharakishe mlangoni. Tusidhani kwamba uso wake mkavu umetukasirikia. Kanisani tukae ubavuni pake, na padri amshikie kikombe mpaka anywe. Wala tusimsahau mke au binti anayemwuguza usiku na mchana: mmoja wetu na akae na mgonjwa Jumapili moja, ili yule naye apate kuja kusali.

Bwana atujalie mikono ya Haruni na Huri. Amina.