Perere Anakuita

Paula Kahumbu alikuwa mtoto tu mjini Nairobi siku yeye na kaka yake walipoona mnyama juu ya mti wasimjue. Jirani yao akasimama kuwaeleza: yule ni perere. Jirani huyo alikuwa Richard Leakey, mhifadhi mashuhuri wa Kenya, na maswali ya binti yule hayakuisha hapo. Alikwenda kusoma tembo wa Shimba Hills hadi akapata shahada ya uzamivu, na kuanzia mwaka 2019 Wakenya wakamwona kwenye televisheni akiongoza Wildlife Warriors, kipindi ambamo wenyeji wenyewe, wanasayansi na wahifadhi, ndio wanaosimulia habari za wanyama wao.

Wewe kijana unayetamani kazi hii ya kutangaza habari za wanyama, mtazame perere vizuri. Ni wa ukubwa wa sungura, masikio mafupi, manyoya tele. Nyayo zake zina unyevunyevu unaomshika kwenye gome la mti asiteleze. Usiku hupiga ukelele unaopanda na kupanda, mpaka mgeni akadhani kuna mtu yumo hatarini. Na ukitafuta nasaba yake, jamaa zake wa karibu ni tembo na nguva! Hicho ni kipindi kizima cha redio, na bado hujapanda gari kwenda mbugani.

Tumekua tukitazama Serengeti na Maasai Mara zikielezwa na sauti za kutoka mbali. David Attenborough, aliyeingia BBC mwaka 1952, ameifanya kazi hiyo kwa heshima kubwa. Lakini mama wa Kwale aliyeamka akakuta mahindi yake yamekanyagwa na tembo anahitaji sauti nyingine. Anahitaji mtangazaji anayejua uchungu wa jembe, atakayempa pole kwanza, kisha amweleze jinsi wakulima wa Sagalla, jirani na Tsavo, walivyotundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, kwa kuwa tembo huwakimbia nyuki. Aambiwe kwa Kiswahili, kwenye redio anayoiwasha akiwa jikoni. Huyo mtangazaji ni nani kama si wewe?

Usingoje kamera kubwa. Simu yako ina kinasa sauti. Amka alfajiri, uupe upepo mgongo, uikinge simu kwa mwili wako, urekodi ndege wanavyoanza mmoja mmoja. Kabla hujaondoka, nyamaza nusu dakika uirekodi sauti ya mahali penyewe bila neno lako. Utaihitaji wakati wa kuhariri, kuunganishia vipande. Waulize wazee majina ya wanyama kwa lugha ya kwenu. Soma biolojia kwa bidii, maana sauti tamu isiyo na maarifa huchosha upesi. Na kamwe usimsogelee mnyama ili upate picha ya kujionyesha. Mtangazaji anayemsumbua mnyama amekwisha kuisaliti kazi.

Kisha peleka dakika zako tano kwenye redio jamii iliyo karibu. Wakikukatalia, sikiliza wanachokosoa, rekebisha, rudi tena. Rudi hata mara ya saba.

Leo usiku, watu wakishalala, toka uani na daftari. Sikiliza. Andika ulichosikia, na saa uliyokisikia.